Kuuvalisha Ukuta Suruali: Kwa Nini Rangi Haiponyi Unyevu

Shangazi yangu anakaa Rau, hapa Moshi, upande wa chini, ambako mtu akichimba shimo la choo wakati wa masika anaweza kukutana na maji kabla jua halijafika utosini. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, ya mwaka 1986. Sebule imepakwa rangi mara nne ndani ya miaka saba, na kila mara fundi rangi alikuja na maneno yaleyale: "Mama, safari hii tunakupigia rangi ya mafuta. Maji hayapiti."

Kweli, hayakupita. Yalipanda. Mwanzoni doa lilikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Rangi ya mafuta ikapakwa hadi gotini, doa likatokea juu ya goti. Ikapandishwa hadi kiunoni, na masika yaliyofuata plasta ikaanza kumung'unyika nyuma ya televisheni, inadondosha unga mweupe juu ya kitambaa cha kufuma. Aliponiita mimi alikuwa ameshaulizia bei ya vigae vya ukutani, ili, kama alivyosema mwenyewe, "niuvalishe ukuta suruali."

Mimi si mhandisi. Nilianza kama saidia fundi, nikashika mwiko, na miaka ya karibuni nasimamia nyumba za watu Moshi na Arusha. Katika kazi hii sijaona pahali watu wanapotupa hela kama kwenye unyevu, na hawatupi kwa ujinga. Ukuta wenye maji kwa macho unafanana na ukuta mchafu, na ukuta mchafu dawa yake ni rangi. Ndiyo maana kabla ya kugusa brashi huwa nauliza mambo mawili tu: maji yanaingilia wapi, na yanatokea wapi?

Utambi wa koroboi

Aliyewahi kusomea koroboi anaijua fizikia hii bila kufundishwa. Mafuta ya taa yako chini kwenye kopo, moto uko juu, pampu hakuna. Utambi wa pamba ndio unaoyapandisha, kwa sababu kati ya nyuzi zake kuna vijia vyembamba, na kimiminika kikigusana na kuta za kijia chembamba hujishikiza na kujivuta kwenda juu. Tofali na bloku ni tambi vilevile, ila za udongo na saruji. Sisi tunaona kitu kigumu. Maji yanaona vichochoro.

Kadiri kijia kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Kwenye mrija ambao nusu kipenyo chake ni milimita 1, maji hupanda kama sentimita 1.5, basi. Kwenye kijia chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita, hesabu hiyohiyo inatoa mita 1.5. Na ndani ya tofali na plasta vijia vya namna hiyo vimejaa.

Mbona basi unyevu haufiki darini? Kwa sababu ukuta pia unakauka. Hewa inanyonya maji kwenye uso wake, ndani na nje, mchana na usiku. Chini yanaingia, usoni yanatoka, na doa husimama pale kinachoingia kinapolingana na kinachotoka. Kwenye nyumba nyingi nilizoziona mstari huo unakaa karibu na mita moja au chini yake. Sasa ziba uso wa ukuta kwa rangi ya mafuta hadi kiunoni. Maji yanayoingia ni yaleyale, mahali pa kutokea pamepungua, hivyo yanaendelea kupanda hadi yafike palipo wazi. Doa la shangazi lilikuwa linafuata brashi. Vigae vingelipeleka juu zaidi, na mawe ya urembo ambayo watu wanapenda kuyabandika nje siku hizi yanafanya hivyohivyo.

Halafu kuna chumvi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo adui mwenyewe. Maji ya ardhini hayapandi matupu. Yanabeba salfeti, kloridi na naitreti. Naitreti inatoka sana kwenye mikojo ya mifugo na vyoo vya shimo, kwa hiyo zizi la ng'ombe lililoegemezwa kwenye ukuta wa jiko, kama ilivyo kwenye vihamba vingi, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, linaulisha ukuta huo chumvi kila siku. Maji yakifika usoni yanaruka na hewa, chumvi inabaki. Ikigandia juu ya plasta unaiona kama unga wa sembe, na hiyo haina neno: unaifuta kwa brashi kavu. Kavu, nasisitiza, kwa sababu ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Mbaya ni ile inayogandia nyuma ya rangi au ndani ya plasta. Chembe zake zinakua, zinasukuma, na plasta inavimba, inapasuka, inageuka mchanga. Ukiipigapiga kwa kidole inaitika bo-bo, kama ngoma iliyolegea.

Tena baadhi ya chumvi hizi hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo sababu unaweza kuziba chanzo cha maji kabisa na bado ukuta ukalowa siku ya mawingu. Plasta iliyokwisha kunywa chumvi haiponi. Inabanduliwa, inatupwa mbali na nyumba. Isirudishwe kwenye kifusi cha baraza, jambo ambalo nimelishuhudia mara tatu.

Nailoni iliyo chini na mambo yanayoiua

Dawa ya maji yanayopanda inajulikana: ukate utambi. Unaweka kati ya msingi na ukuta kitu ambacho maji hayawezi kukipita. Mafundi wetu wanakiita DPC, na kwa kawaida ni utepe wa nailoni nzito au wa lami unaolazwa juu ya msingi, angalau sentimita 15 juu ya usawa wa udongo wa nje. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, nako inatandazwa nailoni yake, geji 1000, yaani unene wa robo milimita, juu ya mawe yaliyoshindiliwa na kulainishwa kwa mchanga ili ncha za mawe zisiitoboe. Vipande vinapandiana, na nailoni ya jamvi inakutana na utepe wa ukutani bila kuacha mwanya.

Hapa hela inayookolewa ni ndogo mno kulinganisha na hasara. Nailoni ya jamvi ni sehemu ndogo kabisa ya gharama za msingi, ila kwa sababu haionekani baada ya zege kumwagwa, ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Nimekuta geji nyembamba ya kufunikia nyanya ikiwa imetandazwa chini ya nyumba ya vyumba vinne. Nimekuta pia nailoni nzuri, geji sahihi, imetobolewa na tairi la toroli kama chekecheke.

Ila hata nyumba yenye DPC safi inaweza kulowa, na sababu ninayokutana nayo zaidi ni kwamba DPC imerukwa. Unajenga vizuri leo, nyumba iko sentimita 30 juu ya udongo. Baada ya miaka mitatu unaleta moramu kuinua uwanja, juu yake unapanga pevingi, pembeni mama anatengeneza bustani ya maua iliyoegemea ukuta na kuimwagilia kila jioni. Barabara ya mtaa nayo inachongwa na kujazwa, maji yanageukia kwako. Udongo wa nje sasa uko juu ya ile nailoni, na maji yanaingia ukutani kwa pembeni, hayana haja ya kupanda.

Njia ya pili ya kuiruka ni plasta. Fundi anapiga plasta ya nje kutoka juu hadi ndani ya udongo, nyumba inapendeza, haina mstari. Lakini plasta hiyo ni utambi mpya uliopita mbele ya DPC: chini imezama kwenye udongo, juu imegusana na ukuta. Plasta ya nje ikatwe juu ya DPC, kilicho chini yake kipigwe lami au kiachwe wazi. Mwenye nyumba akinung'unika kwamba haipendezi, mwambie asubiri masika mawili.

Kwenye vihamba vya Kibosho, Uru na Machame kuna jambo jingine. Nyumba inakaa kwenye mteremko, umechimba kilima ili upate uwanja, kwa hiyo ukuta wa nyuma umeegemea ardhi. Juu yako kuna migomba, na pengine mfongo unapita, ule mfereji wa wazee unaoleta maji ya mlimani. Mfongo ukivuja mita 20 juu ya nyumba, maji yanashuka chini kwa chini na kupumzika nyuma ya jiko lako. Hapo DPC haisaidii, kwa sababu maji yana msukumo. Yanahitaji kukatiwa njia kabla hayajafika: mtaro nyuma ya nyumba, wenye kokoto na bomba lenye matundu, unaoyapeleka pembeni. Ukuta wenyewe upakwe lami upande wa udongo, siyo upande wa ndani. Nikisikia mtu anasema "tutaipaka dawa ndani" kwenye ukuta unaosukumwa na kilima, najua tutaonana tena.

Kujua ni maji gani

Doa ni doa, lakini maji yanajisema. Yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari karibu na sakafu, unaopinda kama wimbi, wenye chumvi kwenye ukingo wake, na hauondoki hata kiangazi ingawa hushuka. Ya mvua hutokea baada ya mvua, upande unaopigwa na upepo, mara nyingi chini ya dirisha au juu kwenye kona. Bomba likivuja doa ni la duara, halijali majira, na mita ya maji inazunguka usiku watu wakiwa wamelala.

Halafu yapo maji yasiyotoka popote ila kwenu wenyewe. Juni na Julai, Arusha inapojifunika mawingu na Moshi nayo inapoa, watu wanafunga madirisha. Pumzi za watu sita, sufuria la makande linalochemka kwa saa nne, nguo zinazoanikwa ndani: mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua. Unakuta ukuta wa nje nyuma ya kabati, unageuka matone, na baada ya wiki mbili nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi na koti la harusi linanuka. Mtu anasema nyumba inavuja. Haivuji, haipumui. Sogeza kabati lisigusane na ukuta, fungua dirisha mchana, weka matundu ya hewa juu.

Kutofautisha mvuke wa ndani na maji ya ukuta kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kata nailoni angavu, mraba wa sentimita 45 kila upande. Ukaushe uso wa ukuta kwa kitambaa, bandika nailoni kwa gundi ya utepe pande zote nne pasibaki mwanya, uache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, kati yake na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, unaoutazama wewe, ni mvuke wa chumbani. Kwa shangazi nailoni ilikuwa imejaa umande kwa ndani saa tatu asubuhi. Alikaa akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ukuta unatoka jasho."

Nyumba mpya nayo ina maji yake ya kuzaliwa, na hili halitajwi. Chukua nyumba iliyotumia mifuko 300 ya saruji tangu msingi hadi plasta. Kila mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji, hizo ni lita 7,500. Saruji yenyewe inashikilia kikemia chini ya nusu ya hapo. Yaliyobaki lazima yatoke kupitia kuta. Mafundi wa zamani wanahesabu karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Ukipaka rangi ya mafuta au kupiga skimu ya jipsamu wiki ya pili baada ya plasta ili uwahi Krismasi, usimlaumu muuza rangi ikichubuka Pasaka.

Kofia ya nyumba

Moshi mjini inapata karibu milimita 900 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka Machi hadi Mei. Ukipanda mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hadi ukanda wa msitu, zinazidi 2,000. Babu zetu waliojenga huko walikuwa na paa linaloshuka mbali na ukuta, na waliokuja baadaye na mabati waliacha upindo wa kutosha. Paa lenye upindo wa sentimita 60 ni koti la mvua. Maji yanadondoka mbali, ukuta unabaki mkavu, hata kama fundi alikosea mengine.

Sasa imekuja fasheni ya paa la kuficha. Kuta zinapanda juu ya bati, bati linalala ndani kwa mwinuko mdogo, na maji yote yanakusanyika kwenye gata la ndani. Ninazijenga, kwa sababu ndizo watu wanazotaka, lakini sizipendi, na kwa mtu wa Marangu ninamshauri waziwazi asijenge. Kwanza, upindo haupo, kwa hiyo kila tone linaloanguka juu ya ukuta linashuka na ukuta hadi chini. Pili, gata liko ndani ya nyumba: likiziba kwa majani ya mkrismasi au mgrevilea, maji hayamwagiki uani, yanamwagika darini. Tatu, kichwa cha ule ukuta uliopanda kiko wazi angani, kinanyeshewa juu, mbele na nyuma.

Kama lazima, basi kichwa cha ukuta kifunikwe kwa zege au bati lenye mteremko kuelekea ndani, litokeze pande zote mbili, na chini ya ukingo wake pawe na mfereji mdogo wa kukata maji. Mfereji huo wenye upana wa kidole unafanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Tone la maji hutembea limeng'ang'ania upande wa chini wa zege, likifika kwenye mfereji linashindwa kuruka, linadondoka. Bila huo linaendelea hadi ukutani. Hivyohivyo chini ya kizingiti cha dirisha: tazama nyumba yoyote yenye michirizi myeusi inayoanzia kwenye pembe mbili za dirisha kama machozi, kisha pitisha kidole chini ya kizingiti. Hutakuta mfereji. Gata la ndani nalo liwe pana, liwe na matoleo mawili, na tundu la dharura linalotoboka nje, ili likiziba ulione kabla dari halijaliona.

Zege linaliwa kutoka ndani

Ukuta uliolowa unachukiza, lakini haubebi hatari ya zege lililolowa, kwa sababu ndani ya zege kuna nondo. Zege jipya lina ubesi mkali, yaani kinyume cha asidi, pH 12.5 hadi 13, na ndani ya ubesi huo chuma kinajivika utando mwembamba unaokizuia kupata kutu. Lakini zege lina matundu. Kaboni dayoksidi ya hewani inaingia taratibu, inaungana na chokaa iliyomo, na ubesi unashuka. Ukishafika chini ya 9 kwenye usawa wa nondo, utando unapotea, na hapo maji na oksijeni vikikutana na chuma kutu inaanza. Kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma chenyewe. Zege haliwezi kunyumbuka, hivyo linapasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha linadondoka kipande kizima. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga wanaongezewa chumvi ya bahari. Sisi huku juu tunasumbuliwa zaidi na hili la kaboni. Mahali pa kwanza kuangalia ni upande wa chini wa baraza la ghorofani, na nguzo za mnara wa tanki la maji, ambazo zinalowa na kukauka mwaka mzima kwa sababu boya limeharibika tangu mwaka juzi.

Waliosoma kemia wanaikumbuka fenolifthalini, ile inayogeuka waridi kwenye besi. Ukibandua kipande cha zege na kuipulizia papo hapo, sehemu yenye afya inageuka waridi na iliyokwisha kuliwa inabaki na rangi yake ya kijivu. Unapima kwa rula kina cha kijivu, unalinganisha na umbali wa nondo. Ni kipimo cha dakika tano na kinamaliza ubishi.

Kinga yake inaanzia kwenye ndoo. Saruji inahitaji maji kidogo ili igande. Ya ziada yanaliwezesha zege kumiminika vizuri, kisha yanatoka na kuacha vijia, yaani tambi nyingine. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 zinatosha, ndoo kubwa moja na robo, na kama mchanga umenyeshewa punguza. Fundi anayeongeza maji ili zege lisogee bila kuchoka anakuuzia vinyweleo. Nondo nazo zikae ndani, milimita 25 kwa sehemu za ndani ya nyumba, 40 au 50 kwenye msingi, zikiinuliwa na biskuti za zege, siyo vijiwe vilivyookotwa wala vipande vya tofali la kuchoma, ambavyo vinakunywa maji na kuyapeleka kwenye nondo moja kwa moja. Kisha limwagiliwe. Siku saba ni kiwango cha chini. Saruji iliyochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, inahitaji zaidi: majivu hayo yanafanya kazi polepole, yanakamata chokaa iliyobaki na kuziba vijia, na mwishoni yanatoa zege linalobana maji vizuri zaidi. Ukiliacha likauke siku ya tatu kwa upepo wa Arusha, umelipia pozolana bure.

Zege lililokwisha kupasuka halipakwi plasta juu. Linachongwa hadi nyuma ya nondo, chuma kinasuguliwa kiwe cheupe, kinapakwa dawa ya kuzuia kutu, ndipo linajazwa upya. Na chanzo cha maji kinazibwa kwanza, likiwemo lile boya.

Kuhusu dawa za dukani

Muuza duka atakuonyesha madebe. Mengi yanafanya kazi, kila moja kwa kazi yake. Ile dawa ya unga au maji inayochanganywa na saruji inapunguza unywaji wa plasta, lakini haizibi ufa wala haifidii mchanga mchafu. Lami ni ya upande wa udongo. Dawa za silikoni za kupuliza nje zinafukuza matone na kuacha mvuke utoke, jambo jema kwa tofali lisilopigwa plasta, mradi ukuta uwe mkavu na hauna maji yenye msukumo nyuma yake. Sindano za ukuta, ambapo unatoboa matundu kila sentimita 12 hivi kwenye mstari wa udongo wa kujengea na kujaza krimu inayotengeneza DPC mpya, zinasaidia kwa maji yanayopanda tu, zikifanywa na mtu mwenye subira. Ukuta wa mawe usio na mstari ulionyooka unamshinda hata mwenye subira.

Na tofali la kuchoma linapenda plasta laini. Plasta kali ya saruji tupu inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, inapasuka nyufa ndogo, mvua inaingia kwa nyufa na kushindwa kutoka. Sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga: inashika, inanyumbuka kidogo, inaacha mvuke upite. Mafundi vijana wananiangalia kama nimetoka makumbusho ninapoagiza chokaa.

Kwa shangazi tulianza Julai, masika yakiwa yamepita. Nje tulikuta bustani na pevingi vimepanda sentimita 22 juu ya msingi. Tulivishusha, tukakata plasta iliyozama ardhini, tukachimba mtaro wa kina kifupi usiofika kitako cha msingi, wenye kokoto na bomba, unaoelekea mtaroni barabarani. Kwake maji ya ardhini yako karibu, hivyo nilimwambia kabisa kwamba ukuta hautakauka kama wa Njiapanda, kwenye ardhi kavu. Ndani tulibandua rangi ya mafuta yote na plasta hadi nusu mita juu ya doa, tukaacha tofali tupu.

Hapo ndipo ugomvi ulipotokea. Nilisema ukuta ukae hivyo miezi. Wageni wanaingia sebuleni wanakuta tofali kama boma lisilokwisha. Akaniuliza kama mimi ni mtoto wa kaka yake kweli. Tukakubaliana kwa penseli: kila mwanzo wa mwezi achore mstari pale weusi wa unyevu unapoishia, aandike tarehe. Wa Julai uko sentimita 94 kutoka sakafuni. Septemba, 71. Novemba mvua za vuli zikaurudisha hadi 78, akanipigia simu usiku kunisomea. Februari, kwenye joto lile, 40.

Sasa wageni wakija anawaonyesha mistari kabla ya kuwakaribisha chai. Plasta tutapiga mwakani, ya chokaa, bado tunabishana kuhusu rangi. Masika yanaingia wiki mbili zijazo, na penseli ameiweka juu ya kabati la vyombo, wajukuu wasiifikie.